Kruzi ya Adriatic: kabla ya shampeni angalia tani za meli

Watu wakisikia nimepanda meli ya kitalii ya kifahari kuzunguka Adriatic, bahari iliyo kati ya Italia na Kroatia, swali la kwanza ni chakula, la pili bwawa la kuogelea, la tatu eti kweli kuna mtu wa kukupangia nguo kabatini? Vipo vyote jamani. Chakula kipo mpaka unachoka, mhudumu wa kabini yupo, nguo nilipanga mwenyewe maana niliona aibu mtu mzima mwenzangu kunikunjia vitu vyangu. Ila kiukweli ile hela kubwa unayotoa kwenye hizi meli ndogo hailipii shampeni, inalipia udogo wenyewe wa meli, kwa sababu huo ndo unaoamua utaamkia wapi, utashukia wapi na utakaa mjini mpaka saa ngapi. Siku hizi nikiona tangazo la kruzi naruka picha zote naenda moja kwa moja kwenye yale maandishi madogo ya chini yanayotaja tani na idadi ya abiria.

Chukua Venice. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca na mbele ya uwanja wa San Marco, yaani zile zinazozidi tani 25,000 (hicho ni kipimo cha ujazo wa meli, sio uzito), au urefu wa mita 180, au kimo cha mita 35 juu ya maji. Watu wa mji walikuwa wanapiga kelele miaka na miaka, halafu Juni 2019 meli moja kubwa ikashindwa kusimama ikaenda kugonga gati na boti ya watalii mchana kweupe, baada ya hapo hata waliokuwa wanabisha wakapunguza sauti. Sasa tangazo linaweza kuandika Venice kwa herufi kubwa kumbe meli inafunga Marghera huko kwenye viwanda, au miji mingine kabisa kama Trieste au Ravenna, na wewe unamalizia safari kwa basi. Kuna watu wanalipia balkoni ya kuangalia Venice halafu kinachoonekana kwenye balkoni ni matangi ya mafuta. Kwa ulinganisho tu, meli ya kitalii Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024 ina tani zaidi ya 248,000 na inaweza kubeba abiria 7,600 ikijaa. Sisi tulikuwa mia mbili na ushee, ukikutana na mtu kwenye ngazi mara mbili tayari mnasalimiana kwa jina.

Kitu cha kwanza kabla hata ya kung'oa nanga ni zoezi la usalama, jaketi la kuokolea na kituo chako cha kukusanyikia, na hakuna cha kusema mimi nilishafanya mwaka jana. Sheria hiyo ilikazwa baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kugonga mwamba kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 wakafa watu 32, maana kuna abiria walikuwa wamepanda siku hiyo hiyo na zoezi lao lilikuwa halijafanyika. Kwa hiyo nenda, usinune.

Split, mji wa pwani ya Kroatia, ndo iliyonivuruga akili. Unashuka melini, unatembea kidogo kando ya maji, mbele yako kuna ikulu ya mfalme wa Roma, na ndani ya ikulu watu wanaishi, wameanika nguo madirishani, kuna saluni, kuna baa. Mfalme huyo, Diocletian, aliachia madaraka mwenyewe mwaka 305, jambo ambalo wafalme wa Roma hawakuwa na mazoea nalo kabisa, akaja kustaafia hapo karibu na alikozaliwa. Sasa huyu bwana aliwatesa sana Wakristo, na kaburi alilojijengea kwa mbwembwe zote likaja kugeuzwa kanisa kuu la Mtakatifu Domnius, askofu aliyeuawa kwenye mateso hayo hayo. Mwili wa mfalme haujulikani ulikoishia, wa askofu unaheshimiwa humo ndani. Nilikaa kwenye zile ngazi za uwanja wa katikati, pembeni kuna sfinksi (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) ya jiwe jeusi iliyobebwa kutoka Misri, nikawa nacheka peke yangu, watalii wengine wananiangalia.

Visiwani sitakaa sana. Hvar ni pazuri ila pamejaa yoti na muziki. Korčula nilipapenda zaidi, mji mdogo umepangwa kama mifupa ya samaki, mitaa ya upande mmoja imenyooka ili upepo mwanana wa kiangazi uingie, ya upande wa pili imepindishwa kuzuia ule upepo mkali wa baridi wanaouita bura, na hiyo ni mipango miji ya zama za kati watu walikaa wakafikiria. Wenyeji watakuambia Marco Polo, yule msafiri maarufu aliyefika China, alizaliwa hapo na watakuonyesha mpaka nyumba, Venice nao hawataki hata kusikia. Kisicho na ubishi ni kwamba mwaka 1298 Genoa, mji hasimu wa Italia, iliipiga Venice vibaya sana kwenye maji ya hapo hapo.

Haya, Dubrovnik, kusini mwa Kroatia. Hapa ndo hesabu ya tani inajileta yenyewe. Meli kubwa zinafunga bandari ya Gruž, kama kilomita tatu kutoka mji mkongwe, halafu mnapanga foleni ya basi. Sisi tulitia nanga nje karibu na kisiwa cha Lokrum, tukapakiwa kwenye vile viboti vya meli, tukashushwa kwenye bandari ya zamani kabisa, ile ambayo meli za biashara zilikuwa zinaingilia enzi Dubrovnik ni jamhuri inayojitawala. Hatua chache uko ndani ya lango. Na mji wenyewe ulishachoka na watu, ukakubaliana na kampuni za kruzi kuanzia 2019 zisizidi meli mbili kwa wakati mmoja na abiria kama elfu nne. Hata hivyo saa nne asubuhi ule mtaa mkuu wa Stradun ni mabega kwa mabega, unasogea kwa hisani ya aliyeko mbele yako.

Ukizunguka juu ya kuta (mita 1,940, nenda asubuhi sana, beba maji, kivuli hakuna) utaona mapaa ya vigae, mengine yamepauka mengine bado mekundu ya kung'aa. Yale yanayong'aa mengi ni ya baada ya mji kupigwa makombora 1991. Kabla ya hapo kulikuwa na tetemeko la 1667 lililobomoa karibu mji wote, na katikati Napoleon akaifuta jamhuri yenyewe 1808. Jamhuri ndogo vile ilidumu karne nyingi kwa akili ya biashara, inamlipa kodi sultani wa Ottoman huku inauziana na Wakristo wa ng'ambo, na mwaka 1416 ikapiga marufuku raia wake kufanya biashara ya watumwa. Ila kilichonigusa mimi kama mtu niliyeshuka melini ni kwamba mji huu ndo uliotunga sheria ya karantini 1377: ukitoka sehemu yenye tauni hauingii, unakaa nje mwezi mzima kwanza. Majengo ya Lazareti waliyojenga baadaye kwa kazi hiyo bado yapo nje ya lango la mashariki, na siku hizi wanafanyia maonyesho na disko.

Meli yetu ililala pale pale Dubrovnik, na hapa nawaomba msome vizuri. Meli nyingi kubwa zinaondoka saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Wakishaondoka mji unapumua, wahudumu wa mikahawa wanakaa chini, watoto wanacheza mpira mbele ya kanisa, lile jiwe la Stradun lililosuguliwa na miguu linaakisi taa. Ukiona ratiba imeandika bandari nane kwa siku saba kimbia, bora bandari tano zenye usiku mmoja au miwili ya kulala mjini.

Kotor, nchi jirani ya Montenegro, usije ukaamka mchana. Waombe mapokezi wakupigie simu saa kumi na moja alfajiri upande sitahani, rubani wa bandari anapanda na meli inaanza kunyata ndani ya ghuba, milima pande zote mbili, pale kwenye mlango mwembamba wa Verige upana haufiki hata mita 400. Wengi wanaiita fiodi (bonde lililochongwa na barafu likajaa maji ya bahari) ila sio, ni bonde la mto lililozama. Baadaye unapita mji mdogo wa Perast na kile kisiwa cha kanisa ambacho watu walikijenga kwa kuzamisha mawe na majahazi mabovu, na mpaka leo kila tarehe 22 Julai wanaenda na mitumbwi kutupa mawe mengine. Meli inafunga mbele ya ukuta wa mji, unavuka barabara tu uko ndani. Ngazi za kupanda ngomeni wanasema ni 1,350, mimi niliishia kwenye kile kikanisa cha katikati na sina majuto, picha ya ghuba ni ile ile.

Yasiyonifurahisha pia yapo. Ziara zinazouzwa melini bei yake ni ya kutisha kwa kitu ambacho miji hii inakupa bure ukiwa na viatu vizuri, na intaneti "isiyo na kikomo" kikomo chake nilikiona mapema. Ila mihadhara ya jioni ilinishangaza, walikuwa na mwanahistoria anaeleza mji wa kesho yake, ukumbi unajaa kuliko baa. Kama kampuni yako ina huyo mtu, ziara za kulipia unaweza kuziacha karibu zote.

Wale wenye pasi zinazohitaji viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi nyingi za Ulaya) sikilizeni hapa. Kroatia iliingia Schengen na kuanza kutumia euro Januari 2023. Montenegro inatumia euro ila haimo Schengen wala Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo meli ikitoka Dubrovnik kwenda Kotor umeshatoka Schengen, na ikiendelea Corfu, kisiwa cha Ugiriki, unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja inakufia njiani, na meli yenyewe inaweza kukukatalia kupanda siku ya kwanza kabisa. Omba ya kuingia mara nyingi, ambatanisha ratiba ya meli ili ofisa aone kwa nini unaitaka, na amana usilipe mpaka umesoma masharti ya kurudishiwa hela. Msimu ni Mei au mwisho wa Septemba, Julai mwachie mwenye uvumilivu wa jua na foleni.