Tulikuazima

Tuko Chennai, India, ambako Baba Zuu, mume wangu, atapandikizwa uboho (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa dada yake, wifi yangu. Usiku wa sita leo nageuza neno lile lile. Lilisemwa Jumatatu, kwa daktari, tukiwa watatu na yule mkalimani kijana anayesema Kiswahili kama mtangazaji wa redio. Daktari alikuwa anaeleza mambo ya makundi ya damu. Baba Zuu ni O, wifi ni B. Haizuii kitu, alisema. Uboho wa wifi ukishakaa na kuanza kazi, baada ya miezi kundi la Baba Zuu litahama, naye atakuwa B. Tena, akaongeza mkalimani akijikaza asicheke, damu yake ikipelekwa maabara, chembe zitasoma za mwanamke.

Hapo wifi akanipiga begani.

"Wifi, huyu tulikuazima tu. Sasa tunamchukua tukamtengeneze, tutakurudishia."

Baba Zuu akacheka. Si kutabasamu, jamani, alicheka mpaka barakoa ikashuka chini ya pua, akashika kifua. Tangu Desemba namtafutia kicheko huyu mtu. Nimemuiga mwalimu mkuu wangu, nimemuiga fundi aliyetujengea choo, nimesimulia upya hadi kisa cha posa yake, napata "mh". Dada yake kaja juzi, kasema neno moja, kapewa kicheko kizima.

Na mimi nikacheka. Utani wa mawifi haujibiwi kwa kununa, tena mbele ya daktari. Jibu lenyewe lilinijia saa nane usiku, nikiwa nimelala chali naangalia feni: miaka kumi na tisa nimemlisha, kumfulia na kumzalia, mwenye kuazima analipwa nini hapo? Limekuja limechelewa, halina kazi.

Maana neno ni "azima". Mtu anaazima sufuria ya shughuli, ngazi, mbuzi ya kukunia nazi. Kitu cha kuazima hakiwi chako hata kikizeekea kwako. Siku mwenyewe akipiga hodi unakifuta vumbi, unampa, na ahsante unasema wewe.

Na mwenyewe kapiga hodi kweli. Walipima kwa vijiti vya pamba, kujua uboho wa nani unalingana na wa Baba Zuu. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, kila mmoja nafasi yake ya kulingana ni moja kwa nne. Wakapanguswa mashavu kwa ndani wote wanne. Kaka mkubwa hapana, wa Muscat hapana, kitindamimba hapana, wifi kumi kwa kumi. Mimi sikuulizwa. Nilipojitokeza mwenyewe, yule dada wa maabara aliniambia kwa upole kabisa, "Mke hapimwi, mama." Zuu na mdogo wake wanalingana na baba yao nusu, kama watoto wote, kwa sababu ile nusu nyingine ni yangu. Yaani pale waliposhindwa kumfaa ndipo walipochukua kwangu. Hilo sijamwambia mtu hadi leo.

Basi wiki hii wamemwekea mpira wa kifuani wa kupitishia dawa, kiwanja chetu cha Pongwe, kule Tanga, kimepata mteja, tumetia saini karatasi kwamba tunajua huenda hatutazaa tena, na Jumatatu anaingia chumba cha kutengwa kuanza kemo ya kuufuta uboho wake wote, ambayo wanasema zile raundi za kemo alizopata Dar ni mchezo mbele yake.

Tunaishi bado chumba kile kile, jiko la kushirikiana na ngazi za kutokea juu ya paa. Mgonjwa chakula chake napika kwenye presha, cha moto, hakilali, hakina pilipili, hakina kibichi. Sisi wawili nilikuwa natupikia cha kwetu. Nazi huku Chennai hazina shida, tena wana chombo chao: kisu kimesimamishwa kwenye ubao, na kwenye ncha yake meno kama ya mbuzi yetu. Unakaa chini, unakanyaga ubao kwa mguu, kifuu unakizungusha kwenye meno. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenipa. Na hicho pia, mtasema, cha kuazima.

Nakuna nazi, napika samaki, wifi anasogeza sahani. "Nipe wali mtupu, wifi, unanitosha." Siku ya kwanza nikasema ni uchovu wa safari. Siku ya nne nikasema ahaa. Huyu anakaanga samaki Deep Sea, soko la samaki la Tanga, tangu mimi sijaolewa, mikono yote ina madoa ya mafuta ya moto hata fundi aliyekuja kumtazama mishipa alimuuliza kama ni ugonjwa. Atakula wangu? Nikalijumlisha na lile la Jumatatu, hesabu ikakubali vizuri sana.

Alhamisi usiku akaniita.

"Wifi, umelala?"

"Sijalala."

"Hivi pilipili nikiila, itapita kwake?"

Nikawasha taa. Kumbe tangu afike hajagusa pilipili, wala mchuzi, wala chai ya tangawizi. Alimsikia nesi akitaja miiko ya mgonjwa akadhani ni ya damu nzima, ya anayetoa na anayepokea. Nilicheka jamani, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Wewe cheka," akasema. Akakaa kitandani. "Si alisema yule daktari, damu yangu ikifika mle inaweza isimtambue, ikampiga? Mimi huyu nimempiga sana, wifi. Mama alikuwa ananiachia yeye, nami nilikuwa mdogo, nilikuwa namchapa kwa mwiko. Sasa nasema, isije ikawa..."

Hakumaliza. Nikamwambia hiyo ni kazi ya chembe nyeupe, hazikumbuki miiko ya jikoni, na kuna dawa watampa Baba Zuu za kuzituliza. Nilisema kama najua. Nikamkumbusha na zake, sindano za siku tano zitakazomuuma mifupa, halafu saa nne za kukaa na sindano mikono yote miwili, asile wali mtupu akaenda kuzimia kule. Ijumaa nikapika samaki wa kupaka, nikaponda pilipili tatu zile ndogo za huku zinazotoa machozi ukiziangalia tu. Akala sahani mbili, jasho linamtoka puani, hakusema ni tamu. Hajawahi kusema.

Msidhani nimesamehe. Kile kicheko bado nakidai. Leo mchana, namkata Baba Zuu kucha (wamesema ziwe fupi kabla ya kuingia), nikashindwa, nikamuuliza, siku ile kwa daktari ulichocheka hasa ni nini?

"Sikucheka maneno," akasema. "Nilicheka sura yako."

"Ilikuwaje?"

"Kama siku ile hela za kikoba zilipopotea."

Nikamkata kucha ya kidole gumba kwa hasira kidogo. Hela zilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, aliziweka yeye.

Jingine. Zuu ameniandikia jioni kutoka nyumbani kwamba jirani wa upande wa mwembe ameanza kuchimba shimo la choo, hatua tatu kutoka ukuta wetu, na mafundi wamemwambia bibi yake kuwa mpaka unapita huko huko ndani kwetu. Nimemwambia atoe hati awaonyeshe. Hati iko kwenye kabati la chumbani, na ufunguo wa kabati ninao huku, kwenye pochi.