Rezista ya Omu 2

Mezani kulikuwa na amplifaya tatu: ya valvu (taa za kioo za kukuzia sauti), za aina ya EL34, mbili kila upande; ya transista ya klasi AB, aina iliyozoeleka; na kijisanduku cha klasi D, kinachowasha na kuzima transista zake kwa kasi, kinachoenea kiganjani. Mwenzangu alikwisha kuhukumu kabla hatujaunga waya: valvu ina utamu na besi iliyojaa, klasi D ni kavu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Niliziunganisha hasi zote tatu kwenye kisanduku kimoja cha swichi, nikawa nakata chanya peke yake. Amplifaya nyingi ndogo za klasi D huisukuma spika kwa ncha zote mbili; ile "hasi" si ardhi, ina karibu nusu ya volti za adapta. Yetu ikajizima papo hapo. Afadhali ilikuwa na kinga. Nikaweka swichi inayokata nyaya zote mbili, na ya valvu nikaipa rezista za omu 8, wati 50, za kuibebea mzigo spika zikiwa kwingine. Transfoma yake ya kutolea sauti ikiachwa wazi muziki ukipita, volti hupanda hata zikatoboa kinga ya nyaya za ndani.

Kisha tukasawazisha sauti: mlio wa hezi 400, maltimita kwenye ncha za spika, volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1. Hatukukubali tofauti ya zaidi ya volti 0.03, sawa na desibeli 0.1 hivi. Hapa ndipo wengi hujidanganya, kwani iliyozidi nusu desibeli sikio haliiti kubwa, huiita nzuri.

Swichi ikashikwa na mtu mwingine nyuma ya pazia, akirusha sarafu kuchagua ipi ilie, na mwenzangu akitaja ni ipi. Klasi AB na klasi D: mwenzangu alipatia 9 kati ya 16, yaani alibahatisha. Valvu na klasi AB: 15. Akanitazama kwa ushindi.

Nikachukua maltimita. Kwenye rezista ya omu 8 valvu ilitoa volti 2.83, nilipoweka ya omu 4, zikashuka hadi 2.36. Piga hesabu: ukinzani wake wa ndani ni omu 2. Klasi AB haikutikisika. Spika zetu nazo zilishuka hadi omu 4 kwenye sauti za kati, na zikapanda hadi 20 kwenye besi, pale koni inapotikisika yenyewe. Kwa omu 2 zile, zinazogawana volti na spika, besi hiyo inanyanyuka kwa desibeli 2.7 juu ya sauti za kati. Utamu wote ule!

Nikaunga rezista ya omu 2 kwa mfululizo kwenye kila waya chanya wa klasi AB, tukasawazisha upya. Safari hii alipatia 10. Kwa majaribio 16, akipatia chini ya 12 siwezi kusema mtu amesikia tofauti.

Nilipoanza kuzichomoa rezista zile akanizuia. Alitaka kusikiliza wimbo mmoja zaidi zikiwa humo humo.