Mvumo

Umeme ulikatika Unguja tarehe 10 Desemba 2009, ukarudi Machi ya mwaka uliofuata. Waliokuwepo hawana haja ya kuelezwa. Ilikuwa hitilafu ya ule waya unaopita chini ya bahari kutoka bara na kutokea Fumba, na kisiwa kizima kikalala kiza. Wiki ya kwanza tulikuwa tukisema kesho. Wiki ya pili ndoo zikapangwa foleni visimani, maana pampu za maji nazo zinataka umeme. Kufika Januari mji umeshagawika: wenye jenereta, na wenye kusikiliza jenereta za wenzao.

Sisi tulikuwa wasikilizaji. Bibi yangu alistahamili maji, akastahamili joto, akaacha na kuweka samaki wa kesho. Kilichomshinda ni kukosa kanda zake za taarab. Redio yake kubwa ilikuwa ya kuchomeka ukutani. Pale pa kutia mawe, yaani betri ndogo, pameliwa na kutu miaka mingi, mawe yalivujia ndani na hakuna aliyejali. Miye nina miaka 19, nimemaliza skuli, nashinda kibandani kwa fundi redio mmoja Mwembetanga nikijiona nami fundi.

"Bibi, nitakutengenezea amplifaya ya betri."

"Tengeneza, baba. Usinichomee nyumba tu."

Aisii, yaani chipu ya kukuza sauti, niliichomoa kwenye mzoga wa redio ya gari: TDA2003, kidude cheusi cha miguu mitano, hakifiki ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ile imezaliwa kwa ajili ya betri ya gari. Inakubali volti 8 mpaka 18, haitaki transfoma, na kwenye spika ya omu 4 inakupa wati sita hivi injini ikiwa inachaji. Betri ikiwa peke yake, pungufu kidogo. Kwa chumba cha nyumba ya Ng'ambo hizo ni nyingi. Na bati lake la mgongoni limeungana na mguu wa tatu, yaani upande wa hasi, kwa hiyo nililifunga kwa skrubu moja kwa moja juu ya kifuniko cha sufuria kilichong'oka mkono. Kikawa ndio kipoza joto.

Ukuzaji wa sauti unaamuliwa na rizista mbili, ya omu 220 na ya omu 2.2. Gawa, ongeza moja, unapata mara 101. Ya 2.2 haikupatikana kibandani wala Darajani. Fundi hakuinua hata kichwa: "Chukua mbili za 4.7, zifunge bega kwa bega." Umeme ukagawana njia mbili, zikatoa nusu, 2.35, na hesabu ikashuka mpaka mara 95 hivi. Sikio la nani litajua?

Tabu ilikuwa kulehemu. Pasi ya kulehemu ni ya umeme. Basi nikachukua kipande cha shaba nene, nikakifunga mpini wa mti, nikawa nakichomeka kwenye makaa ya seredani pembeni ya chungu cha Bibi. Kikitoka una nafasi ya viungo viwili, ukikazana vitatu, kisha kinapoa na lehemu inaanza kuvuta kama uji. Ukikiacha motoni sana kinafanya masizi, lehemu haishiki, inaviringika na kuanguka sakafuni. Kazi ya saa moja ilinichukua siku mbili, na mchuzi ule wote ulikuwa na harufu ya lehemu, na lehemu ile ina risasi. Leo nisingethubutu, siku ile hakuna aliyetuambia kuwa risasi ni sumu.

Betri aliniazima Ami. Teksi yake ilikuwa juu ya mawe ikisubiri giaboksi, akanipa na spika moja ya mlango wa nyuma. Sharti lake moja: nikiona mita imeshuka chini ya volti 12, nizime. "Betri ya gari si nazi, usiikamue mpaka tui la mwisho."

Usiku wa Ijumaa nikaiweka betri ukumbini, kwa sababu ya tindikali, nikavuta waya mrefu mpaka chumbani. Chanzo cha sauti ni kile kiredio cha kaseti cha kuvaa kiunoni, kinachotumia mawe mawili madogo. Nikawasha.

Pu-pu-pu-pu-pu.

Bibi akanitazama. "Hii taarab gani? Mbona kama boti ya Tumbatu?"

Hilo nililijua baada ya kukuna kichwa. Waya ulikuwa mrefu na mwembamba; kila amplifaya ikivuta, volti zinashuka mwishoni mwa waya, mshuko ule unarudi kwenye sauti, nayo inavuta tena. Nikatia kapasita ya maikrofaradi 1000, kiakiba kidogo cha umeme, karibu kabisa na mguu wa tano unaoingiza umeme, boti ikatia nanga. Nikagusa ncha ya waya wa kuingizia, spika ikakwaruza. Mambo tayari.

Kanda aliyoitaka ilirekodiwa kwenye harusi moja shamba, upande wa kusini, kabla sijazaliwa. Udi ukaingia, kisha fidla, kisha kanuni. Nyuma ya vyote, mvumo.

Mvumo mnene, hauishi. Nikaona haya. Fahari yote ya betri ni kwamba umeme wake umenyooka, hauna mawimbi ya ukutani yanayopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na mimi nilishalitolea hotuba jambo hilo mbele ya Bibi na ndugu zangu wawili. Sasa mvumo unatoka wapi, na mji mzima hauna umeme? Nikatuhumu viungo vya seredani, nikavirudia vyote. Nikahamisha waya wa hasi wa spika usipite njia moja na wa kuingizia. Nikabadilisha waya wa kuingizia, nikatia wenye ngao. Mvumo palepale. Jumamosi yote, na Jumapili mpaka adhuhuri.

Kipimo cha mtoto mdogo, kuzuia kanda isizunguke na kusikiliza, nilikifanya Jumapili jioni, tena kwa bahati, kidole kiliponiteleza. Kanda ikasimama. Spika kimya, mchakacho mdogo tu kama mchanga. Nikabonyeza tena: udi, fidla, mvumo. Safari hii nikategea sikio. Ala zote zilipoingia kwa pamoja, mvumo ulishuka kidogo, kama kitu kilicholemewa, kisha ukapanda tena.

"Bibi, harusi hii kulikuwa na umeme?"

"Umeme wapi, shamba ile? Waliazima jenereta. Ilikaa nyuma ya mgomba, usiku kucha inanguruma, na bwana mmoja kazi yake kuitilia mafuta." Akacheka. "Redio ile kubwa haikuwahi kunisikilizisha hiyo. Iache, usiizime."

Nikaongeza sauti. Kwenye saa nne za usiku jenereta za mtaani zilianza kufa moja moja, watu wakibana mafuta, mpaka ikabaki ya kwetu. Kanda ilikuwa upande wa pili hodi ilipopigwa. Jirani, yuko mlangoni na simu mbili na chaja zake mkononi.

"Samahanini. Nimesikia jenereta yenu bado inakwenda."

Bibi akajibu kutoka kitandani: "Inakwenda, baba. Lakini ya miaka ile, haichaji simu."

Mtu wa watu hakuelewa. Nikazichukua simu zile, nikazifunga kwenye betri ya Ami kwa chaja ya gari, na asubuhi mita ilisoma 11.7.