Hela iwekwe mwisho: maneno machache kuhusu mashindano ya magemu huria

Kila nikikutana na bango la shindano la kutengeneza magemu huku kwetu, kitu cha kwanza kwenye bango ni hela. Herufi kubwa, rangi ya kuwaka, mshindi wa kwanza anaondoka na hiki, wa pili hiki, wa tatu vocha na fulana. Leseni, yaani masharti ya nani anaruhusiwa kuitumia kazi na vipi, haimo. Mafaili yatakaa wapi shindano likiisha, haimo. Nani anaruhusiwa kuitumia ile michoro mwakani, hakuna anayejua na ukiuliza unaonekana mtu wa kutafuta shari. Mimi naona hapo ndipo mambo yanapoharibikia, na mfano ninaoupenda ni wa mwaka 2012, shindano la magemu huria, yaani yale ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuyatumia, kuyabadilisha na kuyagawa, lililoitwa Liberated Pixel Cup.

Kwa ambao hawalijui, liliandaliwa na Creative Commons (wanaotunga leseni za kugawana kazi za sanaa), Free Software Foundation (watetezi wa programu huria) na OpenGameArt kwa pamoja. OpenGameArt ni ghala la mtandaoni la michoro, milio na muziki wa magemu, lilianzishwa 2009 na Bart Kelsey, na mpaka leo ukitaka taili (vile vipande vya mraba vinavyopangwa kutengeneza ardhi ya gemu) za majani au mazimwi au mlio wa panga unaingia pale unabeba bure, mradi ufuate leseni. Sasa kila aliyewahi kutengeneza gemu kwa vitu vya kuokotaokota analijua tatizo lake. Unapata mti mzuri wa mtu mmoja, nyumba nzuri ya mtu mwingine, mhusika mzuri wa mtu wa tatu, halafu unaviweka kwenye skrini moja na ni vurugu tupu, mti umechorwa kama umeupandia juu unauangalia kichwani, nyumba imechorwa ubavu, mhusika ana mistari minene myeusi utadhani kibonzo cha gazetini, kivuli cha huyu kinaanguka kushoto cha yule kulia. Kimoja kimoja vizuri, pamoja aibu.

Wale waandaaji walichofanya, na ndicho kinachonifanya niliongelee shindano lao miaka yote hii baadaye, ni kwamba kabla mshiriki yeyote hajagusa kalamu waliwapa kazi wachoraji wachache, kazi ya kulipwa, waandae mwongozo wa mtindo pamoja na michoro ya msingi. Taili ni pikseli 32 kwa 32. Unatazama kutokea pembe hii. Mwanga unatoka huku. Mistari ya nje inachorwa hivi, rangi zinachaguliwa hivi. Taili nyingi za msingi ni mkono wa Lanea Zimmerman, miili ya wahusika ni ya Stephen Challener, na ukishaizoea hiyo mikono unaitambua kwenye magemu ya watu kibao hata kabla hujasoma majina. Ndiyo ikaja Juni, mwezi mzima wa wachoraji, kila mtu anachora anachotaka ila ndani ya mwongozo ule ule. Julai wakaingia waandika programu kutengeneza magemu, na walipoingia walikuta rafu imejaa na vitu vyote vinaendana.

Huo mpangilio wa miezi miwili ukiuangalia haraka unaona ni ratiba tu. Lakini jaribu kuugeuza, au fanya kama wengi wanavyofanya, waambie wachoraji na waandika programu waanze siku moja. Mwandika programu hana cha kuweka kwenye skrini kwa hiyo anaweka viboksi vya rangi, mchoraji hajui gemu linahitaji nini kwa hiyo anachora joka kubwa zuri ambalo halitatumika, na siku ya mwisho mnakuwa na magemu ya viboksi na folda la majoka.

Leseni nayo iliamuliwa mapema. Kila mchoro ulitakiwa utolewe kwa leseni mbili kwa mpigo, CC BY-SA 3.0 (mtaje mchoraji, na ukibadilisha utoe kwa leseni hiyo hiyo) na GPL toleo la 3 (leseni ya programu huria inayotaka hivyo hivyo, ukibadilisha na kugawa utoe kwa GPL), na magemu yenyewe yakae chini ya GPL. Mbili za nini? Kwa sababu wakati ule leseni hizo hazikuwa na njia rasmi ya kuchanganyika, ni mpaka 2015 Creative Commons walipotangaza kwamba kazi ya BY-SA 4.0 inaweza kuingizwa ndani ya mradi wa GPL 3, na hapo ni upande mmoja tu, kurudi haiwezekani. Kwa hiyo badala ya kumwachia kijana wa watu akili zimchemke kuhusu sheria wakampa zote mbili achague inayomfaa. Mambo ya kisheria yanaboa, najua, mimi mwenyewe nikiona neno "kifungu" macho yanaanza kuwa mazito, ila huu uboaji wa saa mbili unaokoa kesi ya miaka.

Na matokeo yake unayaona mpaka leo. Kuna kijenereta cha wahusika kinachofanya kazi ndani ya brauza, unachagua mwili, unachagua nywele, suruali, kofia, upanga, kinakutolea shiti nzima ya spraiti, yaani picha moja yenye hatua zote za mwendo, mhusika anatembea, anapiga, anarusha uchawi, anaanguka. Vyote vimejengwa juu ya ile miili ya 2012, watu wameongeza vipande mwaka baada ya mwaka, watu ambao hawakushiriki shindano kabisa. Wengi wanaokitumia hata hawajui palikuwa na washindi, achilia mbali majina yao. Kero yake ni moja: orodha ya waliochora. Mhusika mmoja mwenye shati na ndevu anaweza kuwa na mikono ya watu kadhaa na leseni inakudai uwataje wote, na watu wetu wanaikata hiyo orodha kwa sababu eti inaharibu muonekano wa menyu. Weka ukurasa wa majina jamani, hautakuua.

Haya, tuje kwa Ludum Dare, shindano la mtandaoni la kutengeneza gemu ndani ya siku chache, maana ukitaja mashindano ya magemu lazima mtu akuulize. Ilianza 2002, ina mkondo wa Compo, saa 48, uko peke yako, kila kitu unakitengeneza mwenyewe kuanzia sifuri na lazima utoe msimbo wako, yaani maandishi ya programu yenyewe, watu wauone, halafu kuna Jam, saa 72, timu inaruhusiwa na masharti yamelegea. Sharti la kutoa msimbo limesomesha watu wengi kuliko darasa lolote. Desemba 2011, mada ikiwa kubaki peke yako, Markus Persson yule wa Minecraft alitengeneza kigemu kinaitwa Minicraft ndani ya saa zile 48, msimbo wa Java ukawa hadharani, na watu wakaanza kuuhamishia kwenye lugha nyingine na vifaa vingine na kuuongezea vitu. Unaufungua unaona jinsi mtu mzoefu anavyokata kona akiwa na haraka, uchafu wote uko wazi, na kwa mtu anayejifunza hilo ni zuri kuliko msimbo msafi wa kwenye vitabu.

Ila msimbo kuonekana siyo msimbo kuruhusiwa. Ludum Dare haikulazimishi leseni fulani, kazi inabaki yako, na kama hukuandika leseni yoyote basi mimi ninayeusoma nina haki ya kuusoma tu. Global Game Jam, ile inayofanyika kila Januari tangu 2009 kwenye vituo vya miji mbalimbali duniani, kwa miaka mingi imetumia CC BY-NC-SA, yaani tumia lakini usifanyie biashara, na hiyo kwa watu wa programu huria haihesabiki kuwa huria, huwezi hata kuipandisha OpenGameArt maana leseni zenye kizuizi cha biashara hawazipokei. Siwalaumu, lengo lao ni watu kukutana na kutengeneza. Ninachosema ni kwamba mwandaaji ajue anataka nini kibaki, halafu leseni aichague kwa hilo, asinakili masharti ya shindano la jirani.

Kwa upande wa kuamua nani kashinda nimebadilika msimamo mara kadhaa. Kura ya wazi ya mitandaoni siitaki kabisa, huku kwetu kura ya wazi maana yake ni nani ana magrupu mengi ya WhatsApp, binamu na shangazi wanapiga kura gemu hawajalifungua. Majaji nao wanachoka, ukimpa mtu mmoja magemu hamsini, la arobaini analicheza dakika mbili anatoa alama kwa huruma. Utaratibu wa Ludum Dare wa washiriki kupimana wenyewe kwa wenyewe ndio naukubali zaidi, unapewa alama kwa vipengele, ubunifu, raha, michoro, sauti na kadhalika, na gemu lako halipati nafasi kwenye matokeo mpaka lipimwe na watu wasiopungua 20, kwa hiyo unalazimika kutoka ukacheze ya wenzako ili nao waje kwako. Wachoyo wanabaki bila namba, na ni sawa.

Halafu kuna js13kGames, hii naitaja kwa mapenzi tu. Inaanza Agosti 13 inaisha Septemba 13, tangu 2012, gemu zima la brauza likifungwa kwenye zipu lisizidi kilobaiti 13, baiti 13,312 kamili, na msimbo unaosomeka unawekwa GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo. Hakuna nafasi ya picha kubwa, muziki unatengenezwa kwa namba, michoro inachorwa na msimbo wenyewe. Kwa sisi wa bando la mia tano hili ndilo shindano letu kabisa, unacheza magemu ya watu jioni nzima na bando halijui kama umefanya kitu, nashangaa kwa nini mashuleni hawalitumii.

Sasa kwa nini naandika yote haya. Kuna vijana kadhaa ninaowasiliana nao, wengine Dar, wengine Mombasa, mmoja yuko Goma, wanataka tufanye shindano dogo la Kiswahili, na mazungumzo ya kwanza kwenye grupu yalikuwa ni mfadhili na zawadi. Nimewaambia hela yoyote tutakayoipata, hata kama ni ndogo, sehemu kubwa iende kwa mchoraji wa mwongozo, na kinachobaki ndio kiwe zawadi. Wamekasirika kidogo. Mmoja akaniuliza nani atashiriki bila hela, nikamwambia atashiriki mtu anayetaka kutengeneza gemu, kwa sababu zawadi ikiwa nono wanakuja wengine kabisa, wanaleta gemu walilolifanya chuoni miaka mitatu iliyopita wamebadilisha jina, na wewe mwandaaji unageuka mpelelezi.

Tulichokubaliana mpaka sasa: taili 32, kwa sababu kompyuta za wengi wetu ni za zamani na kwa sababu mtu anayeanza anaweza kumaliza taili ya 32 kwa kikao kimoja. Injini (programu ya kujengea gemu) yoyote ilimradi huria, wengi watatumia Godot na hiyo ina leseni ya MIT, inayoruhusu karibu kila kitu, haina usumbufu. Michoro ni CC BY 4.0, yaani mtaje mchoraji basi, tumebishana sana hapo, mimi nilitaka BY-SA ila wenzangu wanasema tuanze na kitu ambacho hata mtu wa studio ndogo hatakiogopa, sawa, wameshinda. Kila mchoro uje na faili lake la kazi lenye leya (matabaka ya mchoro) zote, siyo picha iliyokwisha kuunganishwa tu, maana picha bila faili la kazi mtu hawezi kuirekebisha. Picha za akili mnemba haziingii, na siyo kwa ubishi, ni kwamba mchoraji hawezi kunithibitishia zimetoka wapi na mimi siwezi kuziwekea leseni nisiyo na uhakika nayo. Vitu vinavyotakiwa tumeviorodhesha: daladala na matatu, milango ya kuchonga ya mji mkongwe, genge la mboga, jahazi, nguzo ya umeme yenye waya zimesokotana, jiko la mkaa, mbuzi. OpenGameArt utapata ngome za Ulaya mpaka uchoke, banda la chipsi kulipata ni kazi.

Mwongozo wenyewe bado. Nimejaribu kuchora paa la mabati kwa pembe ile na linatoka kama kitabu kilichofunguliwa, siyo fani yangu. Kwa hiyo kama unachora pikseli, una subira ya kuandika kurasa chache za maelezo na kuchora vipande vya mfano kama thelathini hivi, njoo inbox. Malipo yapo, siyo ya kujenga nyumba, na jina lako litakaa la kwanza kwenye ule ukurasa ambao nimeshawaambia wote hawaruhusiwi kuukata.