Homa ya Ua Linalonuka Mzoga

Anayesimuliwa kwa mara ya kwanza habari za Amorphophallus titanum, mmea wa misitu ya Sumatra ulio wa jamii moja na magimbi, hustaajabia uvundo wake; mimi hustaajabia zaidi joto lake.

Kinachoonekana kuwa ua moja ni mhimili mnene unaoweza kufikia kimo cha mita 3, uliozungukwa na jani pana lenye rangi ya damu ya mzee, na maua yenyewe, madogo na mengi, yamejificha chini kabisa. Mtaalamu wa mimea wa Italia, Odoardo Beccari, aliukuta mmea huo mwaka 1878, na mche uliotokana na mbegu alizopeleka Ulaya ukachanua katika bustani ya Kew, London, mwaka 1889. Usiku wa kuchanua, mhimili hupata joto linalokaribia lile la mwili wa binadamu, nalo huivukisha michanganyiko ya salfa na kuisambaza mbali, hata nzi na mbawakawa waliozoea mizoga wakaifuata. Maua ya kike hukomaa kwanza, na yale ya kiume hutoa chavua baadaye, wakati ya kike yamekwisha kupitwa na muda wake, hivyo ni vigumu mmea kujichavusha wenyewe. Baada ya siku moja au mbili kila kitu hunyauka. Nguvu zote hizo hutoka katika tunguu lililo ardhini, ambalo huweza kuzidi kilo 100, na huenda miaka kadhaa ikapita kabla mmea haujachanua tena.

Mwaka 1987 watafiti waliochunguza ndugu yake mdogo, Sauromatum, walieleza kwamba kinachowasha joto hilo ni asidi ya salisiliki, iliyo ya ukoo mmoja na aspirini, dawa tunayoimeza ili kushusha homa. Sijui kejeli tamu kuliko hiyo katika elimu ya mimea. Katika Symplocarpus foetidus wa mashariki mwa Amerika Kaskazini, joto la namna hiyo huyeyusha hata theluji.

Mjanja kuwashinda wote ni Helicodiceros muscivorus wa Corsica na Sardinia, ambao, pamoja na kunuka, umeota vinyweleo kama ngozi ya mnyama aliyekufa. Nzi huingia wakidhani wamepata mahali pa kutagia, hufungiwa humo usiku kucha, na wakitaga, mabuu wao hufa kwa kukosa chakula. Wanapoachiliwa hutoka wamejaa chavua mwilini, kisha huingia ua la pili kwa imani ileile.