Namba sita na karatasi ya grafu: nilivyojifunza kuchora takwimu

Zoezi la kwanza nilijipa namba sita tu: idadi ya watu wa Tanzania katika kila sensa tangu 1967. Ni milioni 12.3 mwaka 1967, milioni 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012 na 61.7 mwaka 2022. Vifaa vilikuwa karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita, penseli, kifutio na rula ya sentimita 30. Kompyuta niliiacha kwanza, na kwa makusudi. Programu huchagua skeli, rangi na mahali pa kuanzia kabla hujajua kwamba kulikuwa na uamuzi wa kufanya. Ukiwa na rula, kila uamuzi unapita mkononi mwako.

Skeli niliyotumia: mlalo, sentimita 1 kwa miaka 5, wima, sentimita 1 kwa watu milioni 5. Kwa hiyo 1967 inakaa kwenye sifuri ya mlalo, 1978 kwenye sm 2.2, 1988 kwenye 4.2, 2002 kwenye 7, 2012 kwenye 9 na 2022 kwenye 11. Kwenda juu ni sm 2.5, 3.5, 4.6, 6.9, 9 na 12.3. Grafu nzima inaingia nusu ya karatasi ya A4.

Tatizo liko kwenye miaka. Sensa hazikuachana sawa: kati ya 1967 na 1978 ni miaka 11, kisha 10, kisha 14, halafu 10 na 10. Kosa la kawaida ni kuweka nukta zote kwa umbali mmoja, kwa sababu jedwali limezipanga safu kwa safu kana kwamba ziko sawa. Nilichora grafu ya pili hivyo makusudi, sm 2 kila hatua, nikaziweka pamoja. Katika ile mbovu, mstari wa 1988 hadi 2002 unapanda sm 2.3, na wa 2002 hadi 2012 unapanda sm 2.1. Jicho linasoma kwamba baada ya 2002 kasi ilipungua. Ukweli ni kinyume: kipindi cha kwanza watu waliongezeka takriban 807,000 kwa mwaka, cha pili takriban 1,050,000. Namba hazikuguswa, umbali tu ndio uliodanganya.

Kosa hilohilo limejificha ndani ya programu. Kwenye LibreOffice Calc, na Excel pia, ukichagua chati ya aina ya Line na miaka ikasomwa kama majina, kila mwaka unapewa nafasi sawa. Dawa ni kuchagua aina ya XY, ambayo huisoma miaka kama namba na kuipa umbali wake halisi.

Kwa grafu sahihi, mtu atasema: basi tunaongezeka kwa kasi isiyowahi kuonekana, tazama mstari ulivyosimama. Hilo ni swali jingine, na swali jingine linataka mchoro wake. Chukua idadi mpya, gawanya kwa ya zamani, bonyeza ln (logi asilia) kwenye kikokotoo, gawanya kwa idadi ya miaka, kisha zidisha kwa 100. Utapata takriban asilimia 3.2 kwa mwaka, 2.8, 2.8, 2.7 na 3.2. Kasi ya 2012 hadi 2022 inalingana na ile ya 1967 hadi 1978. Hizi nilizichora chini ya grafu ya kwanza kwa pau tano, mlalo uleule, upana wa kila pau ukiwa ni urefu wa kipindi chake (sm 2.2, 2, 2.8, 2, 2), na sm 2 za wima kwa kila asilimia 1. Michoro miwili, mhimili mmoja wa miaka, maswali mawili. Tangu hapo, kabla ya kugusa penseli huandika swali pembeni mwa karatasi. Swali likihitaji neno "na" katikati, nalikata vipande viwili.

Zoezi la pau halikuchukua muda. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130, yaani wanawake wamezidi kwa asilimia 5 na kidogo. Chora pau mbili zikianzia milioni 29, sm 1 kwa kila milioni: ya wanawake itakuwa sm 2.7, ya wanaume sm 1.1. Anayepita haraka ataona wanawake ni zaidi ya mara mbili. Pau husomwa kwa urefu wake, kwa hiyo ni lazima ianzie sifuri. Mstari una uhuru zaidi, kwa kuwa tunasoma mwinamo wake. Na ukianzia sifuri, pau hizi mbili zinakaribia kulingana kabisa, jambo ambalo ndilo ukweli wenyewe. Kama tofauti ya watu milioni 1.6 ndiyo habari, iandike kwa maneno.

Chati ya duara inapendwa kuliko inavyostahili. Wanawake ni asilimia 51.3, nyuzi 185 kwenye kipimapembe. Bila namba hakuna atakayejua upande upi ni mkubwa. Zanzibar, yenye asilimia 3 ya watu wote, inapata nyuzi 11, kijembe chembamba kisichoingia hata jina. Cleveland na McGill, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 1984 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukadiria vizuri zaidi nafasi kwenye skeli moja, kisha urefu, kisha pembe, na eneo likiwa nyuma zaidi. Nimelibandika hilo ukutani juu ya meza, kwa mpangilio huohuo.

Michoro ya vijipicha ilinipa somo la eneo. Watu wa 2022 ni mara 5 ya wale wa 1967. Nikichora mtu mmoja wa sm 2 na mwingine wa sm 10, huyo wa pili anakua kwenda juu mara 5 na kwenda pembeni mara 5, kwa hiyo wino uliotumika ni mara 25. Otto Neurath, mwanasosholojia wa Austria, na wenzake huko Vienna, miaka ya 1920, waliweka kanuni inayomaliza ugomvi huu: kitu kikiongezeka, rudia kijipicha, usikikuze. Nilijaribu kwanza kijipicha kimoja kwa watu milioni 5, nikapata watu 2 na nusu kasoro dhidi ya 12 na theluthi. Kumkata mtu theluthi ni shughuli, na msomaji anabaki anashangaa kiwiliwili. Kijipicha kimoja kwa milioni 1, safu za kumi kumi, kilifanya kazi: 12 dhidi ya 62, na safu zinahesabika kwa kutupa jicho.

Ramani ndiyo iliyonikalisha wiki nzima. Nilitaka kuonyesha watu wa mikoa 31. Kwa skeli ya 1:5,000,000, ambapo sm 1 ni kilomita 50, Tanzania inahitaji karibu sm 24 kila upande, kwa hiyo A4 haitoshi, ni A3. Kwenye ramani hiyo Tabora ina eneo la sm za mraba 30 na Dar es Salaam nusu sm ya mraba tu. Sasa paka rangi kufuata idadi ya watu. Tabora yenye watu milioni 3.4 inajaza macho, na Dar yenye milioni 5.4 inaonekana kama doa la chai. Ukipaka kufuata msongamano mambo yanakaa sawa kihesabu, kwa sababu Dar ina karibu watu 3,900 kwa kilomita ya mraba na Tabora takriban 45, lakini doa linabaki doa.

Nikageukia nukta. Nukta moja kwa watu 50,000 inaipa Dar nukta 108. Nukta ya kalamu yenye kipenyo cha milimita 1, ikiwa na nafasi kidogo ya kupumua, inahitaji mraba wa milimita 1.5 kila upande, yaani mm za mraba 2.25. Nukta 108 zinataka mm za mraba 243. Dar nzima ina 56. Haiwezekani. Nikapandisha: nukta moja kwa watu 250,000. Dar ikapata nukta 22 na zikaenea kwa kubanana, lakini mkoa wa Kusini Unguja, wenye watu wasiofika 200,000, haukufikisha hata nukta moja kamili. Hapo unachagua: umfute mdogo au umfurishe mkubwa. Mimi sikuchagua lolote. Nilirudi kwenye pau 31 za mlalo, zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo, jina la mkoa kushoto, namba mwishoni mwa pau, na ramani ndogo ya sm 6 pembeni kwa asiyejua mkoa uko wapi. Zilisomeka kuliko ramani zote tatu. Mpangilio wa alfabeti usiutumie hapa. Unafaa kwa anayetafuta mkoa wake, haufai kwa anayetaka kulinganisha.

Rangi nilizijaribu kwenye mashine ya fotokopi. Piga nakala nyeusi na nyeupe ya mchoro wako. Kama nyekundu na kijani zimekuwa kijivu kimoja, mchoro utawashinda pia wasiotofautisha rangi hizo, na ndio aina ya upofu wa rangi iliyo ya kawaida zaidi. Kwa kiasi kinachopanda, tumia rangi moja kutoka nyepesi hadi nzito, hatua nne au tano, si zaidi, maana hatua ya sita haitofautiani na ya tano kwenye karatasi ya bei nafuu. Ufunguo wa rangi pembeni niliuacha kila ilipowezekana, nikaandika jina palepale kwenye mstari au pau, ili msomaji asisafirishe jicho huku na huko.

Zoezi la mwisho lilikuwa infografiki kamili, yaani ukurasa mmoja wenye michoro, namba na maneno pamoja: maziwa matatu makubwa, karatasi moja ya A4 iliyosimama. Eneo la Victoria ni takriban kilomita za mraba 68,800, Tanganyika 32,900, Nyasa 29,600. Kina cha juu kabisa ni kama mita 80, mita 1,470 na mita 700 hivi. Eneo nililionyesha kwa duara. Nusu kipenyo hakifuati namba, kinafuata kipeuo chake cha pili. Ukiipa Victoria sm 4, Tanganyika ni 4 × √(32,900 ÷ 68,800), yaani sm 2.8. Anayesahau kipeuo ataipa sm 1.9, na Tanganyika itaonekana robo ya Victoria badala ya karibu nusu.

Kwa sm 4 mpangilio ulikataa. Vipenyo vitatu vinafika sm 18.8 na karatasi yenye pambizo za sm 1.5 inabakiza 18. Nikashusha Victoria hadi sm 3.5, Tanganyika 2.4, Nyasa 2.3, jumla ya vipenyo sm 16.4, na nafasi ya milimita 8 kati ya duara na duara. Chini ya kila duara nilining'iniza pau ya kina, zote zikianzia mstari mmoja wa uso wa maji na kushuka, sm 1 kwa mita 100: Victoria milimita 8, Tanganyika sm 14.7, Nyasa sm 7. Kwenda chini hesabu ni kichwa sm 3, duara 7, kina 14.7, na sm 2 za chanzo na nafasi. Namba ya kina cha Victoria haiingii ndani ya pau ya milimita 8. Ikae pembeni kulia.

Kichwa cha kwanza kilikuwa "Maziwa makubwa ya Tanzania". Niliwaonyesha watu watatu kwa sekunde kumi, nikaficha, nikauliza wameona nini. Wawili walisema "maziwa". Nikabadilisha: "Tanganyika: chini ya nusu ya eneo la Victoria, kina mara 18". Jaribio la pili wote walitaja kina. Uchoraji wenyewe sikuugusa.

Kwenye Inkscape, programu ya kuchorea, nilirudia vipimo vilevile kwa milimita, nikatoa picha ya 300 dpi (nukta 300 kwa inchi), ambayo kwa A4 ni pikseli 2480 kwa 3508. Kwenye WhatsApp itume kama faili, ukiituma kama picha inabanwa na herufi ndogo zinavurugika. Hata hivyo kioo cha simu kina upana wa kama sm 7, theluthi ya A4, kwa hiyo maandishi ya pointi 9 yanageuka pointi 3. Toleo la simu lilibidi lichorwe upya kwa herufi za pointi 24 na maneno nusu.

Maelezo madogo chini ya pau ndiyo niliyochelewa kuyaweka. Duara la Victoria la sm 3.5 linamaanisha sm 1 ni kama kilomita 42 kwa mlalo, wakati kwa kina sm 1 ni mita 100 tu. Kina kimevutwa zaidi ya mara 420. Bila kusema hivyo, msomaji ataondoka akidhani Tanganyika ni kisima. Kwa skeli moja kote, mita zake zote 1,470 zingekuwa thuluthi ya milimita, unene wa mstari wa penseli niliyochorea.