Houston, mbele ya jezi isiyo na mwili

Nilipopata nafasi ya kupita Houston, Texas, nilikuwa na haja moja tu: kufika mahali ambapo Hakeem Olajuwon, Mnigeria, aliwapa Houston Rockets ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, mwaka 1994 na tena 1995. Hivyo ndivyo nilivyomwambia dereva wa teksi, mzee mwenye kofia ya Rockets iliyopauka, naye hakuuliza zaidi. Alinishusha mbele ya kanisa, kando ya barabara kuu yenye kelele, akanitoza nauli ambayo kwetu ingenifikisha Arusha kwa basi na kunirudisha Dar es Salaam.

Nililalamika waziwazi. Mzee alizima gari, akanieleza kwa upole kwamba jengo lile ndilo lililoitwa The Summit, kwamba Rockets walihama mwaka 2003, na kwamba kanisa la Lakewood lilianza ibada humo mwaka 2005. Kisha akainua mkono kunionyesha jinsi Hakeem, katika sekunde za mwisho za mchezo wa sita wa fainali ya 1994, alivyougusa kwa ncha za vidole mpira uliorushwa na John Starks wa New York Knicks. Rockets walishinda 86 kwa 84, na katika mchezo wa saba, humo humo, wakatwaa kombe. Msimu huo mmoja Hakeem alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya. Nauli ilikuwa ghali, lakini nilikiri moyoni kwamba mzee alinifikisha hasa nilikotaka.

Sanamu ya Hakeem iko katikati ya jiji, nje ya uwanja wa Toyota Center. Ni jezi ya shaba yenye namba 34, haina kichwa wala mikono, kwa sababu Hakeem ni Mwislamu na imani yake haikuruhusu achongwe sura. Mtu aliyekulia pwani yetu hahitaji kuelezwa hilo. Februari 1995 alicheza akiwa amefunga Ramadhani, na bado akatangazwa mchezaji bora wa mwezi. Jengo la benki la mwaka 1928, lililo katikati ya jiji hilo hilo, alilinunua likawa msikiti.

Nikiwa pale niliwakumbuka vijana wanaocheza kikapu katika viwanja vya Don Bosco, Upanga, Dar es Salaam. Hakeem alilelewa Lagos akilinda lango katika soka na kucheza mpira wa mikono, akaugusa mpira wa kikapu akiwa tayari kijana mkubwa. Alifika Houston mwaka 1980 kusoma chuo kikuu, na mwaka 1984, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, akachaguliwa wa kwanza, mbele ya Michael Jordan aliyekuwa wa tatu. Alistaafu akiwa amezuia mitupo 3,830, idadi ambayo haijafikiwa na yeyote katika NBA. Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania, naye aliuanza mchezo huu akiwa na miaka 15, akachaguliwa wa pili mwaka 2009. Hata hivyo, nimewasikia makocha wetu wakimwambia kijana mrefu wa kidato cha tatu kwamba amechelewa, arudi akacheze soka. Kauli hiyo inaniudhi sana, na safari hii nitawajibu kwa kuwatajia miaka ya Hakeem, mmoja baada ya mwingine.